Kengele Iliyofundishwa Kunyamaza

1

Niliyaona kwanza kwenye soksi. Soksi za baba zilikuwa nyeupe pe, mpya, nilimnunulia mwenyewe kwa ajili ya mbio zile, na ile ya kushoto ilikuwa na matone matatu ya rangi ya chai kavu iliyochemshwa ikasahaulika jikoni.

"Baba, hii nini?"

"Matope."

"Matope ya wapi? Mvua mara ya mwisho tumeiona mwezi wa tano."

Ndiyo kwanza alikuwa ametoka nyuma ya turubai walikowekewa wakimbiaji mahali pa kujisaidia. Alikaa huko dakika nzima, na kumbe kwa dakika nzima alichopata ni hicho kilichodondokea soksi. Nikapiga magoti palepale vumbini, nikagusa tone kwa kidole. Jamani!

Mimi naitwa Restituta Akonaay. Kabla sijawa fundi wa kengele nilikuwa nesi wa chumba cha kusafisha damu kwa miaka kumi na mitatu, kwa hiyo mtu asinifundishe rangi ya mkojo. Rangi ile ni misuli. Misuli imepasuka, imeyeyukia kwenye damu, na figo inazibwa nayo kama sinki lililomwagiwa makombo ya ugali. Na baba yangu, Mzee Akonaay, mwenye miaka sabini na moja, ana figo moja tu. Ya pili ninayo mimi. Alinipa nikiwa na miaka ishirini na minane, akatoka hospitali siku ya nne akiuliza viatu vyake vya kukimbilia viko wapi.

Nikanyanyua kishikwambi kuangalia kengele iliyofukiwa tumboni mwake inasemaje.

Ilisema kijani.

Nikakifuta kioo kwa upindo wa fulana. Kijani. Nikazima, nikawasha. Kijani kilekile kimetulia: maji yanatosha, figo nzima, kiu hakuna. Nikaitazama soksi, nikakitazama kioo, nikaitazama tena soksi. Kimojawapo kilikuwa kinanidanganya, na soksi haijui kudanganya.

"Haiwezekani," nikasema kwa sauti, mpaka watu wa meza ya maji wakageuka.

2

Tulikuwa kituo cha kilometa ya thelathini, chini ya mteremko wa Magara, saa tano ya asubuhi, joto la bondeni limeshaanza kupanda miguuni. Zilikuwa Mbio za Watatu: timu ni watu watatu waliovuka sitini, wanakimbia kilometa arobaini na mbili pamoja, na saa haisimami mpaka wa mwisho avuke utepe. Kilometa ya thelathini lazima msimame dakika nane. Timu yetu ilikuwa inaongoza. Haijawahi kutokea timu ya Mbulu ikaongoza hadi hapo, na mshindi ndiye angekwenda mashindano ya wazee wa dunia.

Wenzake baba walikuwa wamekaa kwenye benchi. Gwandu, miaka sitini na sita, fundi cherehani mstaafu, mdomo haukai kimya. Filomena, miaka sitini na mitatu, alikuwa mwalimu mkuu, na hadi leo akikutazama unajikuta umechomekea shati. Nao kengele zao zilikuwa kijani.

Nikamkimbilia mwamuzi, kijana wa watu mwenye kofia ya chama, nikamwambia mtoe Mzee Akonaay, figo yake inakufa. Akafungua kioo chake.

"Mama, huyu ni kijani."

"Nimeona mkojo wake kwenye soksi!"

"Mimi nasoma kioo, mama. Soksi sisomi. Kengele zimefungwa lakiri asubuhi. Anayeweza kumtoa sasa ni yeye mwenyewe."

Zamani palikuwa na vikombe. Kila mzee alikojoa kwenye kikombe na nesi akaangalia. Kengele zilipokuja, vikombe vikatupwa, na mimi nilikuwa mmoja wa walioshangilia. Kengele ni kidude kama punje ya maharage, kinafukiwa chini ya ngozi ya tumbo. Mtu akizeeka, kiu humtoroka. Mwili unakauka na yeye hana habari. Kengele inapima maji, chumvi na taka za damu, kisha inaugusa mshipa wa fahamu na kukupa kiu, kiu ya kweli ya koo kukwaruza. Bila kengele, mwenye figo moja kama baba asingeruhusiwa kukimbia hata kuzunguka uwanja wa shule.

Nikarudi kwenye benchi, nikafungua kumbukumbu za kengele ya baba, na hapo ndipo nilipojikuta mimi mwenyewe. Jina langu. Sahihi yangu. Tarehe ya mwezi wa sita.

Mwezi wa sita kreatinini yake ilipanda. Kreatinini ni taka ya misuli. Figo ikichoka, taka inabaki kwenye damu na kengele inageuka nyekundu. Lakini mtu akila unga wa misuli, ule wa kopo wanaouza kwenye maduka ya mazoezi, taka hiyo inaweza kupanda hata figo ikiwa nzima kabisa. Nilijua hivyo, na kujua kwangu ndiko kulikoniponza. Nilimuuliza, "Baba, unakula unga?" Akasema, "Kijiko kimoja, kwenye uji." Nikacheka, nikafurahi, sikumpeleka akapimwe kwa njia nyingine. Nikaiandikia kengele kanuni: kila nyekundu ya kreatinini ni ya unga, usiihesabu. Nikaweka sahihi.

"Gwandu," nikaita. "Sema kweli. Mzee anakula vijiko vingapi?"

Gwandu akamtazama baba, akatazama viatu vyake.

"Mimi nimeona vitatu," akasema. "Asubuhi. Na vitatu jioni. Na vile vidonge vya goti."

"Vidonge vya goti vingapi?"

"Bwana Gwandu!" baba akafoka.

"Vya leo vinne," akasema Gwandu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuongeza utani. Dawa zile za maumivu huinyima figo damu.

Nikaifuta kanuni yangu kwenye kishikwambi changu, ingawa kioo cha mwamuzi, chini ya lakiri, kingebaki kijani. Kioo kikageuka chekundu hapohapo, mstari mmoja tangu mwezi wa sita hadi leo, unapanda tu kama barabara ya Magara. Wiki kumi na moja kengele ilikuwa inalia na mimi nimeiziba mdomo.

3

Zilibaki dakika tano.

Lakini kreatinini ilikuwa nusu ya mkasa. Hata kengele isiyohesabu unga ilipaswa kumpa kiu. Kwa nini hakuna hata mmoja wao aliyesikia kiu kutoka Mbulu hadi pale, mteremko wote ule, jua lote lile? Nikafungua sehemu ya mafunzo, na jibu lilikuwa limekaa wazi.

Kengele inajifunza. Ikilia ukanywa, inajua ililia kwa haki. Ikilia usinywe, inajua ilikosea, na kesho inalia polepole zaidi. Na sisi tulizifunga tatu pamoja zijifunze kwa pamoja, kiu ya ujima, ili kila mmoja amsikilizie mwenzake. Sasa kwetu mdogo hatangulii mkubwa kwenye chombo. Chupa inaanzia kwa mkubwa. Wiki zote za mazoezi kengele za Gwandu na Filomena zililia kilimani, na wao wakashika chupa mkononi, wakamsubiri Mzee. Na Mzee, aliyefundishwa ujanani kwamba maji ya njiani yanakata pumzi, hakunywa mpaka kileleni. Kila siku. Kengele zikaona: zinalia, hakuna anayekunywa. Zikajirekebisha. Zikanyamaza moja baada ya nyingine, na mimi nikaandika kwenye ripoti kwamba wazee sasa wamekomaa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyolelewa. Hawa walilisikia la mkuu, na wote watatu walikuwa wanakauka.

"Baba," nikamwambia, nikimshika mikono yote miwili. "Kubali utoke. Sema tu neno moja kwa yule mwamuzi."

"Zimebaki kilometa kumi na mbili."

"Figo yako inakufa, baba!"

"Mbona siumwi? Kiu sina. Nguvu ninazo. Restituta, wewe ndiye uliyeniambia niiamini kengele kuliko mwili wangu. Leo nikiiamini unalia?"

Nikaiachia mikono yake, nikachukua kishikwambi. Kitufe cha kengele yake kilikuwa kinasubiri kidole changu. Futa mafunzo yote, kitufe pekee ambacho lakiri haikukifunga. Ukibonyeza, kengele inasahau kila ilichojifunza na kuupa mwili kiu yake halisi yote kwa mpigo. Angeanguka. Angetoka mbioni, atake asitake.

Na fundi wa kengele anaapa kitu kimoja tu: hutawasha kiu ya mtu bila kauli yake. Kiapo kile hakikutungwa bure. Miaka ya mwanzo kocha mmoja aliwawashia kiu wanariadha wake kuwaadhibu, na mwanamke mmoja akanywa maji matupu mpaka chumvi ya mwili ikazidiwa, akafa huku ameshika ndoo. Kiu ikishatiwa ndani ya mtu, mwili wake si wake tena. Nami nilikuwa nimeshaamua mambo mengi ndani ya mwili wa baba yangu bila yeye kujua.

"Niruhusu niiwashe," nikasema.

"Sikuruhusu."

Dakika tatu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nawaambieni ukweli, nilikaribia. Kisha nikamgeukia Filomena.

"Mwalimu, niruhusu nikuwashie ya kwako."

Akanitazama kwa yale macho yake ya ofisini, akamtazama baba, akaitazama ile soksi. Ana akili, alielewa kabla sijamaliza kusema.

"Washa," akasema.

"Na mimi," akasema Gwandu. "Nisije nikaambiwa niliachwa."

Nikabonyeza mara mbili.

Sijawahi kuona kitu kama kile na sitaki kukiona tena. Filomena alishika koo kwa mikono miwili. Gwandu alitoa sauti ya mtu aliyekabwa na mfupa, macho yakamtoka, ulimi ukamganda mdomoni. Watu wa meza ya maji wakakimbia na chupa, wakawapa kila mmoja yake, imefunguliwa, ya baridi, yenye chumvi na sukari kidogo. Wakazishika. Mikono ilitetemeka mpaka maji yakamwagika vidoleni.

Na hawakunywa.

"Kunyweni!" yule mwamuzi akapiga kelele. "Wana nini hawa? Kunyweni!"

Filomena akatikisa kichwa. Machozi hayakumtoka, hakuwa nayo. Alikuwa anamtazama baba tu, na Gwandu vilevile, chupa imefika kifuani haipandi. Mimi nilijua hawatakunywa. Nilipobonyeza nilikuwa najua. Sikumlazimisha baba kwa kidole, nilimlazimisha kwa wenzake, na hadi leo sijui kama hilo ni jema au ni baya zaidi.

Baba akasimama.

"Kunyweni, wenzangu," akasema. "Nawapa ruhusa."

"Anza wewe, Mzee," Filomena akasema kwa sauti iliyopasuka.

Dakika moja na nusu. Timu ya pili ilikuwa inaingia kituoni, tunasikia vishindo vya viatu. Baba akaitazama barabara ya Magugu, nyeupe, imenyooka katikati ya mpunga, kisha akawatazama wale wawili waliokimbia naye miaka minane.

"Utaniulia watu wangu," akaniambia mimi. "Basi. Washa na yangu. Mwambie yule kijana nimetoka."

Nikabonyeza. Akapiga magoti kabla sijafika kumshika. Nikamwekea chupa mdomoni, nikawa naivuta kila baada ya mafunda mawili, "Taratibu, baba, taratibu," na yeye akinikwangua mkono kwa kucha arudishiwe. Nyuma yangu nikawasikia Gwandu na Filomena wakinywa.

4

Siku ya tatu hospitalini, saa nane mchana, daktari wa figo aliniita barazani. Daktari Nanyaro, mwanamke mfupi, hana salamu ndefu.

"Figo ya mzee inafanya kazi asilimia tisa," akasema. "Tunamsafisha damu. Inaweza kuamka baada ya wiki kadhaa, inaweza isiamke. Figo ya kuotesha siwezi kumwombea, unajua kanuni."

Najua. Maabara wanaotesha figo siku hizi kama mboga, lakini foleni inakatwa kwenye umri wa miaka sabini.

"Sasa niambie wewe fundi," akaendelea. "Mwezi huu nimepokea wazee watatu wa mbio. Mmoja Singida, mmoja Karatu, na huyu wako. Wote wanakula unga. Wote kengele zao zilikuwa kijani. Nani anazifundisha kengele kutohesabu kreatinini?"

Watatu! Nikashika ukuta. Kwa sababu ile kanuni sikuiweka kwa baba peke yake. Niliona imefanya kazi vizuri, nikaituma kwenye kundi la mafundi wenzangu, na alama ya kidole gumba nikaongeza. Ipunguzieni wazee usumbufu, niliandika. Mafundi kumi na saba walinishukuru. Kila fundi ana wazee ishirini, thelathini.

"Ni mimi," nikasema.

Daktari hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alivuta kiti, akanielekeza nikae, akanipa simu yangu mkononi na kusimama pale akingoja. Nikaandika kwa wote kumi na saba: futeni kanuni yangu leo, si kesho, wapelekeni wazee wote wakapimwe, kosa ni langu, jina langu ni hili. Kisha nikaandika vilevile kwa chama, na nikaambatanisha leseni yangu, waichukue.

Nilipoingia wodini baba alikuwa macho, amelala ubavu kuelekea dirishani. Midomo imepasuka. Juu ya kabati palikuwa na kikombe kidogo cha plastiki kilichochorwa mstari kwa kalamu, na maji yamefika kwenye mstari. Figo isipofanya kazi, maji nayo hayana pa kutokea, yanapanda mapafuni. Kwa hiyo alipangiwa nusu lita kwa siku nzima, uji na dawa humo humo. Na kengele yake ilikuwa imefutwa mafunzo, inalia kwa nguvu zake zote. Kiu aliyoikosa miaka kumi ilikuwa imemrudia siku ambayo haruhusiwi kunywa.

"Baba, naweza kuizima," nikasema. "Sasa hivi. Sema tu."

"Iache."

"Unateseka."

"Nateseka, ndiyo. Inawaka hapa." Akagusa koo. "Uliniondolea sauti, mwanangu, ukaniambia kimya ni afya, na mimi nikaongeza unga juu yake. Mficha maradhi kifo kitamuumbua. Iache ilie, nataka kuisikia."

Nikamweleza yote. Singida, Karatu, wale kumi na saba, leseni. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilidhani atanifukuza, na ningekwenda.

"Umewaandikia?"

"Nimewaandikia wote."

"Vizuri." Akafumbua macho. "Na ile figo uliyonayo wewe, inafanya kazi?"

"Inafanya, baba. Jana wamenipima."

"Umekunywa maji leo?"

Nikafikiri. Sikukumbuka. Nilikunywa chai jana asubuhi, au juzi. Nilikuwa nimezunguka na figo ile ya baba ndani yangu siku tatu bila kuipa hata kikombe cha maji, na wala sikusikia kiu.

Akanyoosha mkono polepole mpaka kwenye jagi la wageni lililokuwa na glasi yake kando ya kitanda, akalisukuma upande wangu kwa vidole.

"Kunywa."

"Nitakunywa nje, baba."

"Kunywa hapa."

"Baba, wewe hujanywa. Siwezi kukutangulia."

"Restituta. Hiyo ndiyo iliyobaki nzima. Kunywa, nikuone."

Nikajaza glasi. Katika maisha yangu yote sijawahi kugusa chombo kabla yake, hata nilipokuwa mtoto na homa. Nikaipandisha mdomoni, nikanywa, na macho yake yakafuata maji kila funda lilivyoshuka kooni mwangu. Alimeza mate pamoja nami. Nilipoishusha glasi tupu akanionyesha jagi.

"Bado," akasema. "Jaza tena."